Mteremko unapogoma kwenye SketchUp: dalili, chanzo na tiba

Kiwanja chenye mteremko kikikataa kukaa sawa kwenye SketchUp, programu ya kuchora kwa pande tatu, wengi hukimbilia Smoove, zana yake ya kuvuta na kulainisha ardhi. Unainua hapa, unashusha pale, sura inalainika, mteja anafurahi. Kisha mkandarasi anafika saiti na vipimo vyake, na hakuna usawa hata mmoja unaolingana na mchoro. Msimamo wangu ni kwamba kasoro ya ardhi mara nyingi haianzii kwenye uso unaouona bali kwenye mistari na nukta zilizouzaa uso huo. Kwa hiyo tutaanza na data ya mpima, tuje kwenye wavu wa pembetatu, na zana za kuchonga zitasubiri zamu yao.

Ninazungumzia SketchUp ya kwenye kompyuta, ile yenye zana za Sandbox. Usipoziona, fungua Extension Manager uhakikishe Sandbox Tools imewashwa. Kwenye Mac zimo ndani ya menyu za Draw na Tools.

Ardhi imetoka bapa kabisa

Umeingiza DWG (faili ya mchoro wa CAD) ya mpima, ukachagua kontua zote, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ukabofya From Contours, kitufe cha kutandaza uso juu ya mistari hiyo, ukapata kitu kisicho na kilima wala bonde. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: kontua zote zimechorwa kwenye usawa wa sifuri na mwinuko umeandikwa pembeni kwa maandishi tu. Ukichapisha kwenye karatasi haina neno. Programu, hata hivyo, haisomi maandishi. Inasoma mahali nukta ilipo.

Kuthibitisha, nenda Camera, chagua Parallel Projection, kisha Standard Views, Front. Kontua zenye mwinuko utaziona zimepangana juu kwa juu. Zisizo na mwinuko zote zitageuka mstari mmoja.

Mpigie mpima kwanza. Vimo anavyo, maana ndivyo alivyopima. Mwombe kontua za pande tatu au faili ya CSV (jedwali la namba) yenye nukta. Ikishindikana, inua mwenyewe: chagua kontua moja, bonyeza M kwa ajili ya Move, bonyeza mshale wa juu ili mwendo ufuate mhimili wa bluu, andika kimo, Enter. Usiinue kwa mwinuko wa kutoka usawa wa bahari. Kiwanja cha Mwanza kiko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, na huna haja ya kubeba mita zote hizo ndani ya faili. Ifanye kontua ya chini kabisa kuwa sifuri, na uandike kwenye mchoro umepunguza mita ngapi.

Mistari inatetemeka, uso unakatika ukizungusha kamera

Mchoro uko mbali mno na kitovu cha mihimili. Vipimo vya UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita, kusini mwa ikweta huhesabiwa kushuka kutoka mita 10,000,000, kwa hiyo kiwanja cha Dar es Salaam kinaingia kikiwa na Northing (namba ya kuelekea kaskazini) ya zaidi ya mita milioni 9.2. SketchUp haikutengenezwa kuchora kitu cha mita 40 kilicho kilomita zaidi ya 9,000 kutoka kitovu. Wakati wa kuingiza DWG, fungua Options uondoe tiki kwenye Preserve drawing origin. Kama umeshaingiza, chagua kila kitu ukihamishie kitovuni, na uhifadhi namba za nukta moja ya kona ili uweze kurudi.

Papo hapo kwenye Options kuna kipimo cha urefu. Faili ya mita ikisomwa kama milimita, kiwanja chako cha mita 40 kinakuwa sentimita 4, na pembetatu ndogondogo zinaanza kukosa uso. SketchUp huhesabu nukta mbili zilizokaribiana chini ya elfu moja ya inchi kuwa nukta moja, na kabla hata ya kufika hapo huanza kugoma kufunga nyuso. Pima ukingo unaoujua urefu wake kwa Tape Measure, andika urefu halisi, ukubali kubadilisha ukubwa wa mchoro mzima. Imeisha.

Kiwanja kimegeuka: kulia kuko kushoto

Wapima huandika Northing kwanza, Easting (namba ya kuelekea mashariki) baadaye. Programu na viendelezi vingi husubiri X kwanza, na X ni Easting. Ukiziingiza zilivyo, kaskazini na mashariki zinabadilishana nafasi na umbo linapinduka kama unalitazama kwenye kioo. Fungua CSV kwenye Excel, badilisha safu mbili hizo, ingiza upya. Usijaribu kutibu kwa kuzungusha: umbo lililopinduka halirudi kwa kuzungushwa.

Dalili inayofanana na hiyo lakini chanzo chake ni kingine: umbo ni sahihi, ila ukiliweka juu ya picha ya setilaiti linakaa mtaa wa pili, takriban mita 300 kutoka mahali pake. Hapo mpima ametumia Arc 1960, datamu (msingi wa kupimia mahali) ya ramani nyingi za Tanzania na Kenya, na picha iko kwenye WGS 84, datamu ya GPS. Badilisha kwenye QGIS, programu ya ramani, kabla ya kuingiza: EPSG (namba ya mfumo wa ramani) 21037 kwenda EPSG 32737 kwa zoni 37 kusini ya UTM. Angalia zoni pia. Dar, Arusha na Nairobi ziko 37, Dodoma na Mwanza ziko 36.

Shimo la ajabu au mnara katikati ya bustani

Kuna nukta iliyosahauliwa kwenye sifuri huku wenzake wako mita mia na zaidi. Mara nyingi ni kona ya nguzo ya umeme, alama ya mti, au kipande cha maandishi kilichovunjwa kuwa mistari. Usiisawazishe kwa Smoove. Rudi kwenye mtazamo wa Front, nukta iliyoasi itaonekana peke yake chini kabisa, au juu kabisa kama ni mnara. Ifute, futa na wavu, bofya From Contours tena.

Ardhi ya Add Location hailingani na saiti

Add Location hukupakulia ardhi kutoka mtandaoni. Hailingani, na haiwezi kulingana. Data ya mwinuko inayopatikana bure kwa sehemu kubwa ya dunia, kama SRTM iliyopimwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, ina kipimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinaweza kuangukiwa na nukta moja tu. Juu ya hapo, rada ile ilipima kilichokuwa juu: paa, mwembe, shamba la migomba. Itumie kuonyesha vilima vya Uluguru nyuma ya nyumba yako Morogoro. Kuchimba msingi, hapana.

Kama unaitaka kwa mandhari lakini inakataa kuguswa, imefungwa tu. Ukiichagua na mpaka wake ukawa mwekundu, bofya kitufe cha kulia, Unlock.

Mabonde yana ngazi, vilele vimekatwa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, tena kimyakimya, kwa sababu kwa mbali ardhi inaonekana nzuri.

From Contours hutandaza pembetatu juu ya kontua kama turubai juu ya fito. Kila pembetatu inahitaji nukta tatu. Kwenye mteremko ulionyooka inachukua mbili kwenye kontua moja na ya tatu kwenye kontua jirani, mteremko unatoka safi. Lakini kontua inapopinda kwa kona kali, kwenye bonde au kwenye mgongo wa kilima, nukta tatu zilizo karibu zaidi zote ziko kwenye kontua ileile. Pembetatu inayotoka ina kimo kimoja pande zote, yaani ni bapa. Bonde lililotakiwa kushuka taratibu linakuwa ngazi: bapa, poromoko, bapa, poromoko. Kwenye kilele, kontua ya mwisho iliyofungwa inakuwa uwanja wa mpira.

Kwa macho ya juu huzioni. Washa View, Hidden Geometry, na utafute pembetatu zenye pembe zake zote tatu kwenye mstari mmoja wa kontua.

Zikiwa chache, tumia Flip Edge: ingia ndani ya kundi (Group) la ardhi, bofya mstari unaogawanya pembetatu mbili, na mstari utahama kuunganisha nukta mbili za upande mwingine. Bonde lote likiwa hivyo, Flip Edge itakula mchana wako bure. Rudi kwenye kontua. Chukua Line, chora kutoka ncha ya kona ya kontua ya 101 hadi ncha ya kona ya kontua ya 102. Kwa kuwa ncha hizo tayari ziko kwenye vimo vyake, mstari wako unapanda wenyewe. Bofya kitufe cha kulia, chagua Divide, gawa vipande 4. Sasa una nukta za 101.25, 101.5 na 101.75 katikati ya bonde, na pembetatu zitazichukua hizo badala ya kuruka kwenda ng'ambo. Fanya hivyo kwa kila jozi ya kontua kufuata njia ya maji, kisha zalisha wavu upya. Kwenye kilele weka kamstari kafupi kwenye kimo halisi cha juu kabisa. Mpima kwa kawaida anakuwa nacho.

Bonde la ngazi ndani ya mchoro litakudanganya kuhusu maji, na mvua za masika hazisomi mchoro. Ndiyo maana naona kazi ya kuchora mistari ya mabonde na migongo inastahili muda wako kuliko kulainisha chochote.

Ngozi imezidi mpaka

Kiwanja chenye umbo la L kimejazwa ule upande usio wake. Ndivyo kitufe kinavyofanya kazi: hujaza hadi mpaka wa nje kabisa wa nukta zote. Ingia ndani ya kundi, futa pembetatu za ziada, endelea.

Ukuta wima umekuwa mteremko

Umechora kontua ya juu ya ukuta na ya chini yake mahali pamoja, moja juu ya nyingine. Wavu wa namna hii hauwezi kubeba vimo viwili kwenye nukta moja ya ramani, kwa hiyo unachagua mojawapo, au unatoa mikunjo ya ajabu. Si ugonjwa wa SketchUp peke yake, wanaotumia Civil 3D wanaujua vizuri.

Njia ya haraka ni kusogeza mstari wa chini sentimita 2 mbele ya ule wa juu. Ukuta unaegemea kidogo sana, hakuna atakayeona. Njia ninayoipenda zaidi, hasa kwa bustani ya matuta kadhaa, ni kuivunja ardhi kuwa makundi: tuta la juu kundi lake, la chini kundi lake, na ukuta wa kuzuia udongo ukiwa kitu kamili chenye unene, msingi na matundu yake ya kutolea maji. Mwashi atauliza unene wa ukuta, na mchoro uliochorwa kwa hila ya sentimita 2 hauna jibu.

Stamp imekata mteremko mkali kuzunguka nyumba

Stamp, zana ya kugonga umbo la nyumba kwenye ardhi ili ipate jukwaa bapa, ni zana nzuri inayolaumiwa kwa kosa lisilo lake. Unabofya umbo la nyumba, unaandika upana wa ukanda wa kando, unabofya ardhi, unapandisha au kushusha. Ule upana ndio kila kitu, na watu huuacha ulivyokuja.

Chukua mfano. Ardhi inashuka 1:8, yaani mita 1 kwa kila mita 8. Jukwaa la nyumba lina mita 12 kufuata mteremko na mita 15 kwa upana. Ndani ya mita 12 ardhi imeshuka mita 1.5. Ukiweka jukwaa katikati, juu unachimba 0.75 na chini unajaza 0.75. Unataka kingo za udongo ziwe 1:2. Hesabu ya haraka inasema 0.75 mara 2, mita 1.5. Siyo, kwa sababu upande wa chini ardhi nayo inaendelea kushuka huku kingo yako ikishuka, zinafukuzana. Kingo inapoteza nusu ya mita kwa kila mita, ardhi inapoteza moja ya nane, na zinakutana umbali wa mita 2. Juu ni vilevile kwa kuwa ardhi inapanda. Ukitaka 1:3, ambayo mashine ya kukatia nyasi inapita bila shida, umbali unakuwa mita 3.6.

Sasa andika 1 kwenye Stamp uone: kingo inateremka mita 0.875 ndani ya mita 1, yaani nyuzi 41. Udongo uliojazwa hautakaa hapo bila ukuta. Na kama nyumba iko mita 1.5 kutoka mpakani, ule ukanda wa mita 2 umeshaingia kwa jirani. Programu haitakuonya, maana haimjui jirani.

Stamp pia hutumia upana uleule pande zote nne, wakati pembeni mwa nyumba, mahali ambapo jukwaa na ardhi vinakaribia kulingana, huhitaji ukanda wote huo. Kwa mchoro wa kwanza wa mteja inatosha. Kwa mchoro wa ujenzi, chora kontua mpya za ardhi iliyokusudiwa na uzalishe wavu mpya kabisa.

Vitu viwili kabla hujabofya. Usigonge kwa modeli kamili ya nyumba yenye varanda na ngazi; chora uso mmoja wa mstatili, ufanye kundi, ugonge kwa huo. Na nakili ardhi ya awali kwenye tagi (tabaka) yake, uifiche. Utaihitaji mwishoni.

Nimeandika 30 na kilima kimekuwa ukuta

Umechanganya asilimia na nyuzi. Asilimia 30 ni nyuzi 17 hivi. Nyuzi 30 ni karibu asilimia 58. Protractor na Rotate hukubali uwiano, basi andika 1:3 uachane na utata.

Smoove haifanyi chochote

Uko nje ya kundi. Bofya mara mbili uingie. Kama uko ndani na bado haifanyi kitu, au inainua ncha moja kali tu, duara lako ni dogo kuliko umbali wa nukta za wavu, na Smoove huinua nukta zilizopo tu, haiumbi mpya. Andika nusukipenyo kikubwa zaidi, Enter, au uongeze nukta kwa Add Detail mahali hapo tu. Ukiongeza kwenye ardhi nzima faili itakuwa nzito hadi kipanya kikawie.

Zana hii ina mahali pake: kichuguu cha mapambo, kingo laini ya bwawa la samaki. Isitumike kwenye ardhi iliyopimwa.

Njia imelala kwa ubavu

Drape hushusha mistari wima hadi kwenye ardhi. Inachora juu ya udongo, haiukati. Njia ya upana wa mita 1.5 inayokatiza mteremko itainama kando kama ardhi yenyewe inavyoinama. Ukitaka njia iliyokaa sawa, chora kingo zake mbili kwa vimo unavyotaka, ziwe sehemu ya mistari inayozaa wavu, na uache mwinamo wa asilimia 1 hadi 2 wa kumwaga maji.

Rampu ya kiti cha magurudumu isizidi 1:12. Kwenye ardhi yetu ya 1:8 njia iliyonyooka kushuka haifai, lakini ikikatiza kwa pembe ya nyuzi 48 hivi kutoka mwelekeo wa mteremko, inatoka 1:12 yenyewe bila kuchimba sana.

Kama Drape imeacha matundu au nyuso zimepotea, mistari yako ya kupinda ina vipande vingi mno. Punguza idadi ya vipande vya tao kabla ya kushusha.

Madoa meusi, pembetatu zinaonekana

Weusi kwenye programu ya kutolea picha ni nyuso zilizogeuka tumbo juu: Reverse Faces. Pembetatu zinazoonekana: Soften Edges, na uongeze pembe hadi zipotee. Ni vipodozi tu, vimo havibadiliki.

Maji yatakwenda wapi?

Zana za kawaida za SketchUp hazina mvua, lakini kuna kipimo rahisi. Chora uso mmoja mkubwa wa mlalo, unakili kupanda juu kila sentimita 10 hadi uzidi kilele, chagua nyuso zote pamoja na ardhi, kisha Intersect Faces, With Selection. Unapata kontua mpya zilizokatwa kutoka kwenye ardhi uliyoitengeneza. Kontua iliyofungwa yenye ardhi ya chini ndani yake ni dimbwi. Ikiwa dimbwi lenyewe limegusa ukuta wa nyumba, rekebisha kontua, siyo uso. Ardhi inayoizunguka nyumba inatakiwa iondoke kwa asilimia 5 ndani ya mita 3 za kwanza, yaani ishuke sentimita 15. Nyasi zinahitaji walau asilimia 2.

Hapo pia utagundua kama data ilikuwa chache. Kontua za kila mita 1 haziwezi kukuonyesha bustani inayoshuka sentimita 20. Omba za kila sentimita 25.

Entity Info haionyeshi ujazo wa udongo

Ardhi ni ngozi, haina ndani. Ili iwe na ujazo, shusha kuta za kingo zake zote hadi usawa mmoja chini, funga sakafu, fanya kundi. Likiwa limefungwa bila tundu, ujazo unatokea. Fanya hivyo kwa ardhi ya awali na kwa ardhi mpya, sakafu iwe kwenye usawa uleule, kisha utoe moja kwa nyingine.

Kisha usiiamini namba hiyo peke yake. Kwenye mfano wetu wa jukwaa la katikati, tofauti itatoka karibu sifuri, na mtu atamwambia mteja hakuna kazi ya udongo. Ukweli ni kwamba nusu ya juu ya jukwaa inachimbwa kabari ya mita 6 kwa 15 yenye kina cha 0 hadi 0.75, takriban mita za ujazo 34 bila kuhesabu kingo, na nusu ya chini inajazwa kiasi hichohicho. Sifuri ile inamaanisha tu kwamba hununui kifusi. Kupata kuchimba na kujaza kila kimoja peke yake, kata makundi yote mawili kwenye mstari ambapo ardhi ya zamani na mpya zinakutana, upime kila upande.

Udongo uliochimbwa huvimba. Kwa ongezeko la asilimia 25, zile mita 34 zinakuwa kama 42 zikishalegea, na hizo ndizo za kumtajia mwenye tipa. Sentimita 15 za juu zenye rutuba zitoe kwenye hesabu ya kujaza kabisa: zinakusanywa pembeni, zinasubiri bustani, na hazishindiliwi chini ya nyumba.